Gari ya zamani inachemsha? Usikimbilie kutoa themostati, anza hapa

Wenye Corolla 110, Carina, Sprinter, Noah na hizi Toyota zingine za miaka ya 90, hii ni yenu. Nitatumia Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE kama mfano maana zimejaa kila kona na ndo injini ambayo mafundi wetu wameifungua sana, ila mambo mengi ni yaleyale hata kwa gari nyingine, pakiwa na tofauti ya maana nitasema.

Kinachoniumiza ni hiki, gari inachemsha mara moja tu mtu anapeleka gereji ya jirani, hakuna aliyepima chochote, themostati (kavalvu kanakofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta) inatolewa inatupwa, feni inaungwa dairekti kwenye umeme bila switchi, mfuniko wa rejeta unawekwa wowote uliopo, anaambiwa nenda. Miezi miwili baadae hedi (kichwa cha injini) imepinda na hapo hela inayotakiwa inakaribia ya kununua injini yuzdi. Na mara nyingi tatizo lilikuwa mfuniko au kaswichi kadogo tu. Kwahiyo kabla hujaruhusu kitu chochote kifunguliwe, jua kwanza gari inachemsha WAKATI GANI, hilo swali peke yake linakuondolea nusu ya kazi.

Ila tuanze na dharura, uko barabarani na mshale wa joto unapanda. Zima AC hapohapo. Washa hita mpaka mwisho wa joto na feni ya ndani namba ya juu, ndio utatoka jasho, ila hita ni karejeta kadogo ka ziada na kanatoa joto kweli kwenye injini. Kama uko kwenye foleni weka nyutro piga resi kidogo, kama rpm 1500 hadi 2000, ili pampu isukume maji. Mshale ukiendelea kupanda tafuta pembeni. Ukisimama angalia, kama kuna mvuke unatoka au maji yanachemka kwenye kopo la akiba (rizevu) pembeni ya rejeta, zima injini. Kama hakuna mvuke iache kwenye sailensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, fungua boneti uangalie feni inazunguka au haizunguki, isipozunguka zima.

Halafu mfuniko wa rejeta USIFUNGUE. Najua kila mtu anaambiwa hivyo lakini bado watu wanaungua uso na mikono. Maji yaliyomo ndani yana presha, mfuniko wa kawaida wa Toyota umeandikwa 0.9, yaani presha ya karibu bar 0.9, na kwa presha hiyo maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 118, sasa ukifungua presha inapotea ghafla, maji yaliyokuwa na nyuzi 110 yanageuka mvuke papo hapo na yanaruka yote kwa mkupuo. Subiri nusu saa mpaka saa nzima, shika mpira wa juu (bomba la mpira la juu ya rejeta), kama bado mgumu na wa moto subiri tena. Na usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, block (mwili wa injini) na hedi zinaweza kupata ufa. Injini ikishapoa kiasi ongeza taratibu.

Kingine cha hatari ambacho wengi hawakijui, maji yakiisha kabisa mshale unaweza KUSHUKA. Sensa inapima vizuri ikiwa imezama kwenye maji, maji yakiondoka inabaki hewani na geji inakudanganya kwamba mambo safi huku injini inaungua. Mshale ukipanda halafu ukaanguka ghafla bila sababu usishukuru, simama.

Sasa turudi kwenye wakati gani.

Gari inachemsha ukiwa kwenye foleni au imesimama, ukitoka ukaingia barabara ya wazi mshale unarudi, hapo shida ni hewa, yaani feni haifanyi kazi yake, ukienda mwendo upepo wenyewe unapoza. Gari ikiwa poa mjini ila inachemsha ukitembea 100 au ukipanda mlima kama Kitonga au Sekenke, hapo ni mzunguko wa maji au rejeta imeziba ndani, mara nyingine mpira wa chini unajikunja, mkanda unateleza au themostati inafunguka nusu. Gari inayochemsha dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi ni themostati iliyoganda, hewa imenasa ndani, au gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na block). Mshale unaocheza juu chini juu chini, maji yamepungua au kuna hewa, ila angalia pia waya wa sensa na ethi (waya wa kwenda kwenye bodi) maana gari za umri huu waya zimechoka. Na gari inayokunywa maji bila kuona tone chini, hiyo tutaifikia.

Kagua asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa. Fungua mfuniko, maji yawe yamejaa mpaka shingoni, kopo la rizevu lisikudanganye. Ukikuta kopo limejaa na rejeta ina upungufu basi mfuniko hauvuti maji kurudi au kile kimpira chembamba cha kwenda kwenye kopo kimepasuka. Halafu chukua tochi utafute alama za kutu au unga mweupe, kijani au wa pinki, kulanti (maji maalum ya kupozea injini) ikivuja polepole inakauka na kuacha alama hata kama huoni tone. Angalia pale plastiki ya juu ya rejeta inapobanwa na alumini, hizo plastiki zikikaa miaka zinageuka kahawia na kupata nyufa nyembamba zinazofunguka injini ikipata moto tu. Angalia chini ya wota pampu (pampu ya maji) kuna katundu kadogo, kakilowa sili ya ndani imekufa, hakuna cha kuziba hapo, pampu inabadilishwa. Angalia mipira ya hita inayoingia ukutani, na ndani ya gari inua kapeti miguuni kwa abiria, ikiwa imelowa na kuna harufu tamutamu hita inavuja. Kama kuna gereji jirani yenye kile kipimo cha presha cha kufunga kwenye shingo ya rejeta, omba wakupimie, unajaza mpaka kama bar 1 unaacha dakika kumi, mshale ukishuka kuna mahali panavuja, na mara nyingi utapasikia au kupaona palepale.

Mfuniko wenyewe watu wanaudharau kwa sababu ni mdogo na bei yake ni ndogo. Geuza uangalie mpira wa chini, ukiwa umekauka au una mkato hautunzi presha, na presha ikipotea maji yanachemka mapema na kutokea kwenye kopo. Katikati kuna kavalvu kadogo, kavute kwa ukucha, kanatakiwa kafunguke na kurudi kenyewe. Kakiganda utaona injini ikipoa mpira wa juu umebonyea kama umenyonywa. Nunua mfuniko wenye namba ileile iliyokuwepo, kama ni 0.9 weka 0.9, kuweka 1.1 kwenye rejeta ya miaka 25 ni kuomba ile plastiki ipasuke.

Feni. Hapa kuna jambo moja zuri sana kwenye hizi Corolla na wengi hawalijui. Switchi ya temprecha ya feni kwenye Toyota za kizazi hiki inafanya kazi kinyume na unavyodhani, injini ikiwa ya baridi inakuwa imeunganisha, ikipata moto karibu nyuzi 93 inakata, na ikikata ndo feni inazunguka. Maana yake ukiweka funguo ON bila kuwasha injini, ukachomoa soketi ya ile switchi, feni inatakiwa izunguke hapohapo. Ikizunguka, basi waya, rilei, fyuzi na mota ni vizima, mshukiwa ni switchi, au maji hayafiki kwenye switchi. Isipozunguka nenda kwenye fyuzi ya feni ya rejeta, halafu rilei, mwisho ipe mota moto wa betri moja kwa moja uone. Mota ikizunguka kwa uvivu au mpaka uisukume na kijiti, brashi zimekwisha. (Gari nyingine zimekaa tofauti, switchi inaunganisha ikipata moto, kwahiyo huko kuchomoa hakukuonyeshi kitu, usihukumu mota kwa kipimo hiki.) Njia nyepesi zaidi ni kuwasha AC, feni zianze.

Ikizunguka hakikisha inavuta upepo kuelekea kwenye injini. Weka karatasi mbele ya kondensa (ile kama rejeta ya AC iliyo mbele), inyonywe ibaki imeshika. Nimeona gari iliyobadilishiwa mota waya zikageuzwa, feni inasukuma upepo kwenda mbele inapigana na upepo wa mwendo, gari inachemsha highway na mwenye gari ameshabadilisha rejeta mbili. Na ile kava ya plastiki inayozunguka feni usikubali iachwe gereji eti haina kazi, bila hiyo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kupitisha kwenye rejeta nzima.

Kuunga feni dairekti siipendi kama suluhisho la kudumu. Inakusogeza safari moja, sawa, ila mota inazunguka muda wote mpaka inakufa, na siku itakapokufa hutajua. Switchi mpya au yuzdi nzuri pale Gerezani, Dar, kwenye maduka ya spea, haiwezi kukushinda.

Wenye Hiace za dizeli na Land Cruiser, feni yenu inazungushwa na injini kupitia feni klachi yenye silikoni ndani. Injini ikiwa ya moto imezimwa, zungusha feni kwa mkono, inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama haina kitu, klachi imekwisha.

Rejeta inaziba nje na ndani. Nje, kati ya kondensa ya AC na rejeta kunajaa vumbi, majani na wadudu na ukiangalia kwa mbele huoni kitu maana kondensa imeficha. Legeza rejeta, mwaga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, presha ya kawaida ya bomba inatosha, zile mashine za kuoshea gari zinalaza mapezi na hewa haipiti tena. Ndani, angalia kwa tochi shingoni, ukiona njia zina ukoko mweupe au matope ya kutu, tayari. Kipimo cha mkono ni hiki, endesha gari ipate moto, zima, toa funguo kabisa, pitisha kiganja karibu na rejeta bila kugusa (kaa mbali na mapanga, feni za umeme zinaweza kuanza zenyewe), joto lishuke taratibu kutoka linapoingia mpaka linapotokea. Ukikuta sehemu ya baridi katikati ya joto maji hayapiti hapo. Rejeta ya shaba inafunguliwa na kuzibuliwa vizuri na inarudi kazini. Hii ya alumini na plastiki ikishaziba sana mimi nashauri ubadilishe. Na tafadhali, habari za kuweka yai, unga wa manjano au zile dawa za kuziba rejeta tuachane nazo, kinachoziba tundu ndicho kinachoziba njia nyembamba za rejeta na hita.

Sasa themostati, hapa nakaa kidogo.

Hoja ya mafundi wengi ni kwamba nchi yetu ni ya joto, themostati ni ya wazungu wenye baridi, kwahiyo toa maji yapite muda wote. Inaonekana ina mantiki lakini angalia ilivyotengenezwa. Kwenye hizi Toyota themostati inakaa upande wa maji yanayorudi injini, mpira wa chini, na ina visahani viwili. Cha juu kinafungua njia ya rejeta. Cha chini, wakati huohuo, kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto inazunguka injini kwa injini haijaonja rejeta. Ndo maana unasikia mtu anasema nimetoa themostati na bado inachemsha. Vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vinaonya hivyohivyo, usiitoe hata kama injini inachemsha kwa sababu upoozaji unashuka. Na upande wa pili, ukiwa safari ndefu usiku, Makambako au Njombe kwenye baridi, injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama ya kuwashia, unakunywa petroli na silinda zinalika mapema.

Kuipima hakuhitaji fundi. Itoe, chukua sufuria ya maji jikoni, bana uzi kwenye kile kisahani ikiwa imefungwa, ining'inize isiguse chini ya sufuria, weka moto. Imeandikwa 82 kwenye chuma, inatakiwa ianze kufunguka kati ya 80 na 84 na uzi uachie, itadondoka. Endelea mpaka 95, iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Huna kipimajoto? Maji yakichemka kabisa na bado haijafunguka, au imefunguka kauwazi kadogo tu, imekufa. Hata ukiwa Mbeya ambako maji yanachemka kwenye nyuzi karibu 94 au 95, kipimo bado kinafaa. Ukirudisha, kale katundu kenye kapini kanakochezacheza kakae juu, ndipo hewa inapopitia, na weka sili mpya ya mpira. Kununua kuwa makini, zipo za bei ya kutupa ambazo hazina kisahani cha pili cha chini, hizo ni sawa na kutoa.

Mkanda na pampu nitapita haraka. Kwenye 5A wota pampu inazungushwa na mkanda wa nje wa oltaneta, ukilegea au ukilowa oili unateleza, na mara nyingi taa ya chaji itakuambia pamoja. Kwenye injini ya 3S ya Noah pampu iko ndani kwenye taiming belti, kwahiyo siku unabadilisha belti badilisha na pampu, usirudie kazi mara mbili. Mpira wa chini uangalie mtu akipiga resi, ukijikunja na kubana njia ya maji ni laini mno au springi ya ndani imeoza. Taiming iliyochelewa nayo inapasha injini, kwa hizi zenye distribyuta (kigawa umeme wa plagi) unaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi unapima na taa, iwe digrii 10. Breki zinazoshika pia zinachosha injini, gusa rimu baada ya safari, ulinganishe.

Ukishamaliza yote hayo na bado inapoteza maji, tunazungumzia gasketi ya hedi. Asubuhi injini ya baridi, mfuniko wazi, maji yamejaa, washa. Mapovu yanayotoka mfululizo yasiyoisha, au maji kurushwa nje ukipiga resi, ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili, kabla hata injini haijapata joto, hiyo ni ishara kubwa. Toa plagi zote uzipange kwa namba, moja ikiwa safi inang'aa kuliko wenzake maji yanaingia silinda hiyo. Oili ikiwa rangi ya maziwa kwenye dipstiki usiwashe tena. Utando kidogo wa rangi hiyo chini ya mfuniko wa oili kwa gari ya safari fupifupi unaweza kuwa unyevu tu, usiogope kabla ya kupima. Kuna pia kile kipimo chenye dawa ya bluu, unafyonza hewa ya rejeta, ikigeuka njano jibu umepata. Gari ya otomatiki angalia na oili ya gia, ina njia yake ya kupoa ndani ya rejeta, ikipasuka maji na oili vinachanganyika na gia inakufa.

Hedi ikishushwa isirudishwe bila kupimwa. Rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), kikomo cha Toyota kwa upande unaokaa kwenye block ni milimita 0.05 tu, jicho halioni hiyo. Na boliti za hedi kwa familia hii ya 4A, ambayo 5A ni ndugu yake, zina urefu aina mbili, fupi upande wa inteki na ndefu upande wa ekzosi, zinakazwa kwa rinchi ya toku (spana inayopima nguvu ya kukaza) Nm 29 kwa mpangilio kuanzia katikati, halafu digrii 90, halafu 90 tena. Fundi akikuambia anakaza kwa uzoefu, mshukuru, tafuta mwingine.

Baada ya matengenezo usirudishe maji ya kisima, hasa Dar ambako visima vingi vina chumvi, inakula alumini ya hedi na kuacha ukoko ndani. Kulanti nzuri nusu, maji ya distilled nusu, yale ya kuongezea betri ila hakikisha siyo asidi, chupa zinafanana. Rangi si kipimo, soma lebo iwe na ethilini glaikoli, kuna chupa zinauzwa ni maji na rangi tu. Usiache wazi, ni sumu na ladha yake tamu inavuta watoto na mbwa. Toyota kwa kulanti nyekundu ya gari hizi walipanga kubadilisha kila kilomita 40,000 au miaka miwili.

Kutoa hewa, paki gari pua ikiangalia juu kidogo, hita kwenye joto la mwisho, jaza taratibu mfuniko ukiwa wazi, washa iache sailensa, minya mpira wa juu mara kwa mara na ongeza maji kadri yanavyoshuka. Subiri mpaka mpira wa CHINI upate joto, hapo themostati imefunguka, feni iwake na kuzima mara mbili, hita itoe joto la kweli. Jaza mpaka shingoni, funga, kopo liwe kati ya L (chini) na F (kujaa). Zunguka nayo karibu na nyumbani kwanza kabla ya kwenda Morogoro. Asubuhi inayofuata ikiwa ya baridi fungua uangalie, kushuka kidogo mara ya kwanza ni hewa iliyobaki, ongeza. Ikishuka tena asubuhi ya pili na ya tatu kuna mahali panavuja, rudi kwenye kipimo cha presha.